Fremu ya Kurithi, Nyuzi za Kuchagua: Raketi ya Udhibiti katika Historia ya Gisenyi

Utangulizi

Nilipomweleza mhadhiri wangu wa historia kwamba nataka kuandika kuhusu raketi ya tenisi, aliniuliza swali moja tu: "Nyaraka zako ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Wenzangu walikuwa wamechagua mada zenye makabati ya nyaraka nyuma yake: utawala wa Wajerumani, misheni, kilimo cha kahawa, mipaka ya kikoloni. Mimi nilikuwa na raketi moja ya mbao, mzee mmoja aliyekubali kuzungumza, na kiwiko cha mkono wa kulia kilichokuwa kikiniuma. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali lile.

Nimezaliwa Gisenyi, mji ambao leo ni makao ya wilaya ya Rubavu, kandokando ya ziwa Kivu. Ukitembea kwa miguu unafika Goma kabla jasho halijakutoka, ila mpakani utasimama. Kiswahili kwetu hakikungoja kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kilikuwa sokoni, kwenye maboti, mpakani na viwanjani. Ndicho nilichofundishiwa tenisi na mzee ambaye katika insha hii nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo tunavyomwita wote. Jina lake nimeliacha kwa ombi lake.

Hoja yangu ni hii. Wauzaji wa raketi humwambia mchezaji wa kiwango cha juu achague raketi ya udhibiti, na huielezea kana kwamba ni uamuzi unaofanyika dukani, mbele ya ukuta uliojaa raketi mpya. Kwetu Gisenyi fremu hazikuchaguliwa kwa namna hiyo. Zilirithiwa kutoka kwa watu waliokuwa wakiondoka au waliokwisha kuzichoka. Kilichochaguliwa kwa uangalifu, na wakati mwingine kwa ubishi mkali, ni nyuzi na jinsi zilivyokazwa. Kwa hiyo historia ya udhibiti wa mpira mjini kwetu ni historia ya kazi ya mikono kuliko historia ya biashara.

Neno moja nilifafanue mapema. Kazi ya kuweka nyuzi kwenye raketi nitaiita kuwamba, kama tunavyosema kuwamba ngoma au kuwamba kitanda cha kamba. Sijaona neno linaloifaa zaidi kazi hii, maana katika zote tatu kuna umbo lililo wazi katikati, kitu kinachovutwa juu yake, na fundi anayejua aishie wapi.

Udhibiti ni nini?

Mchezaji anayeanza hutafuta nguvu. Anataka mpira uvuke wavu na ufike mbali bila yeye kuchoka. Mchezaji aliyekomaa anayo nguvu tayari. Tatizo lake ni kwamba mpira unaweza kutoka nje. Kwake udhibiti maana yake ni kuupiga mpira kwa nguvu zake zote na bado uangukie pale alipokusudia.

Raketi yenyewe huchangia hilo kwa njia chache zinazojulikana. Kichwa kidogo hupunguza urefu wa nyuzi, na nyuzi fupi hazibonyei sana. Fremu nyembamba hupinda kidogo mpira unapogonga, hivyo haiurushi kama fremu nene na ngumu. Uzito huituliza raketi mkononi. Nyuzi zilizosongamana, kwa mfano 18 za wima na 20 za mlalo, huupokea mpira kwa namna ileile karibu kila mara, kuliko zile zilizoachana, 16 kwa 19. Mwisho kuna mkazo.

Kuhusu mkazo watu wengi hukosea. Hudhani nyuzi zilizokazwa sana hutoa nguvu zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinasema mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimita 254 udunde kati ya sentimita 135 na 147. Yaani mpira wenyewe hupoteza karibu nusu ya nishati yake kila unapobonyea. Nyuzi hupoteza kidogo sana. Nyuzi zikiwa legevu, ndizo zinazobonyea na kuurudisha mpira kwa kasi. Zikikazwa, mpira ndio unaobonyea, unapoteza nishati na unakwenda karibu zaidi. Mkazo ni breki.

Sasa tuiweke Gisenyi kwenye hesabu hiyo. Uso wa ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na mpira hukutana na upinzani mdogo unaporuka. Wachezaji wakubwa wa dunia hulalamika kila mwaka kwamba mjini Madrid mpira unaruka ovyo, na Madrid iko takriban mita 650 tu. Kanuni za kimataifa zinaitambua shida hii: juu ya mita 1,219 zinaruhusu mipira ya aina ya pekee, yenye kudunda kidogo. Lakini mipira hiyo mimi sijawahi kuiona katika uwanja wetu. Tunacheza na mipira iliyopatikana, mara nyingi imekwisha kutumika mahali pengine. Ikiwa mpya inaruka kama ndege. Ikizeeka, manyoya yanakwisha na inaruka zaidi. Basi udhibiti Gisenyi si anasa ya mchezaji bora. Bila huo mpira unaishia bustanini kwa jirani.

Mbao za Couvin

Tenisi iliingia katika eneo hili pamoja na Wazungu. Wajerumani waliuanzisha mji kama kituo cha kijeshi na kiutawala, Wabelgiji wakauteka mwaka 1916 na kukaa hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Ufuo wa mchanga na hali ya hewa ya ubaridi viliufanya mji wa mapumziko. Kama katika miji mingine ya Kongo na Ruanda-Urundi, maisha ya Wazungu yalizunguka klabu zao, na Mwafrika aliingia klabuni kufanya kazi. Uwanjani kazi hiyo ilikuwa kufagia, kuchora mistari na kuokota mipira.

Wabelgiji wengi waliendelea kuja baada ya uhuru: walimu, madaktari, mafundi wa kiwanda cha bia kilichojengwa Gisenyi mwaka 1957. Mwalimu alianza kuokota mipira akiwa mtoto, baada ya uhuru. Anasema alijifunza kupiga kwa kutumia kipande cha ubao, saa za mchana wakati wenye klabu wamelala.

Raketi aliyonionyesha ni Donnay. Hapo historia ya mji wetu inagusana na historia ya mji mdogo wa Couvin, kusini mwa Ubelgiji. Kampuni ya Donnay ilianza huko mwaka 1910 ikitengeneza mipini ya mbao ya zana za kazi. Katika miaka ya 1930 ikahamia kwenye raketi, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani. Mchezaji aliyeipa umaarufu ni Björn Borg wa Sweden, aliyeshinda Wimbledon mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Mbelgiji aliyekuja kufundisha Rwanda alifunga sandukuni raketi ya kwao, kama mimi ningefunga unga wa muhogo nikienda masomoni ng'ambo.

Nilimwuliza Mwalimu aliipata lini. Alijibu bila kusita: "Mwaka ule Kayibanda alipopinduliwa." Hiyo ni Julai 1973. Niliandika. Usiku nikiwa nyumbani niliitazama tena picha niliyoipiga, nikaona jina la Borg kwenye fremu. Julai 1973 Borg alikuwa na umri wa miaka 17 na hajashinda taji lolote kubwa. Taji lake la kwanza la Roland Garros lilikuja 1974. Nani angeandika jina la kijana huyo kwenye raketi inayouzwa dunia nzima na kufika Gisenyi mwaka huohuo?

Nilirudi kwake nikiwa na aibu, kwa sababu kumsahihisha mzee kwetu si jambo dogo. Nilimwambia, "Mwalimu, samahani, nadhani nimeandika vibaya." Aliitazama raketi kwa muda mrefu, akacheka. Ya mwaka 1973, alisema, ilikuwa nyingine, nyekundu, nayo ilivunjika. Hii alipewa na mwalimu wa hisabati aliyerejea kwao miaka kadhaa baadaye, na katika kumbukumbu yake raketi mbili zilikuwa zimekuwa moja. Sikuona kwamba ushahidi wake umeharibika. Nilichojifunza ni kwamba kitu chenyewe kinaweza kumsaidia shahidi wake kukumbuka. Pia nilipata jambo ambalo sikuliuliza: kwamba zote mbili zilikuja wakati mtu anaondoka.

Nilipeleka raketi kwenye mizani. Gramu 390. Kichwa, nikikadiria kwa rula, ni sentimita za mraba 430 hivi. Nyuzi ni 18 za wima na 20 za mlalo. Kwa lugha ya leo ingeitwa raketi ya udhibiti wa hali ya juu. Lakini wakati ule haikuwa na jina hilo, kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo. Kila raketi ya mbao ilikuwa hivyo.

Mwambaji na nyuzi zake

Fremu ya mbao ilidumu miaka mingi ikitunzwa. Adui yake alikuwa unyevu. Majira ya mvua fremu hujikunja kama kijiko, ndiyo maana ilihifadhiwa ndani ya kibanio cha mbao chenye skrubu nne. Nyuzi hazikudumu. Zilikatika, na zikikatika fremu inabaki pambo.

Kwa Wazungu nyuzi bora zilikuwa za utumbo wa ng'ombe. Kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, imetengeneza nyuzi za utumbo wa wanyama tangu 1875. Utumbo unavutika, unatulia mkononi, unashika mkazo wake kwa muda mrefu. Lakini ni ghali, na unaharibika ukilowa. Mwalimu alipata mabaki tu, vipande vilivyobaki baada ya kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo alitumia nailoni. Alipokosa nailoni ya raketi alitumia uzi mnene wa kuvulia samaki. Ziwa lilikuwa palepale, na wavuvi waliuza kila unene.

Hakuwa na mashine. Aliifunga fremu kwenye benchi, akapitisha uzi, akauzungushia kipande cha mti, akaegemeza mguu kwenye benchi na kuuvuta kwa uzito wa mwili. Kisha alichomeka msumari ulionolewa kwenye tundu ili uzi usirudi nyuma, akaendelea na mstari unaofuata. Raketi moja ilimchukua mchana mzima. Alipima mkazo kwa sikio. Alikuwa akigonga uzi kwa ukucha na kusikiliza. Nilidhani ni mbwembwe mpaka nilipokumbuka fizikia ya sekondari: uzi wa urefu na unene uleule ukikazwa zaidi hutoa sauti ya juu zaidi. Sikio lake lilikuwa kipimo halali.

Hapa ndipo uchaguzi ulipokuwa. Mwalimu anakumbuka kwamba waokota mipira waliogeuka wachezaji waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitaka mkazo mkubwa, kwa sababu mpira uliruka sana. Walisikia redioni na kwa Wazungu kwamba Borg anakaza nyuzi zake kupita kila mtu. Hilo ni kweli: raketi zake ziliwambwa kwa takriban ratili 80, karibu kilo 36, na inajulikana kwamba nyingine zilikatika zenyewe zikiwa zimewekwa tu. Kundi la pili, na Mwalimu akiwamo, liliogopa. Borg alipewa raketi nyingi, wao walikuwa na moja. Fremu ikivunjika kwa mkazo, hakuna anayeondoka wiki hiyo. Basi walikaza kiasi, wakatafuta udhibiti mahali pengine: miguu, mpigo mfupi, mpira wa chini uliokatwa. Wachezaji wakongwe wa mji wetu hadi leo hukata mpira badala ya kuuviringisha. Wageni hudhani ni mtindo wa kizamani tu. Mimi naona humo alama ya uzi wa kuvulia na hofu ya kuvunja fremu ya pekee.

Dunia ilipobadilisha raketi

Wakati Mwalimu anavuta nyuzi kwa mguu, huko nje raketi zilikuwa zinabadilika haraka. Mwaka 1976 Howard Head, mhandisi Mmarekani aliyekuwa ametajirika kwa kutengeneza skii, alipata hataza ya raketi yenye kichwa kikubwa. Prince yake ilikuwa na inchi za mraba 110, yaani zaidi ya sentimita za mraba 700. Alikuwa mchezaji wa kawaida aliyechoka kukosea mpira, akaona dawa ni kupanua kichwa.

Mwaka 1977 mapinduzi mengine yalijaribiwa kwenye nyuzi. Mjerumani Werner Fischer alibuni uwambaji ambao nyuzi za wima hazikusukwa na za mlalo, bali ziliteleza juu yake na kuupa mpira mzunguko wa ajabu. Watu waliiita raketi ya tambi. Oktoba mwaka huo Ilie Năstase aliitumia Aix-en-Provence dhidi ya Guillermo Vilas, ambaye alikuwa hajafungwa katika mechi 53 za uwanja wa udongo. Vilas alikasirika akaacha mechi. Raketi hiyo ilipigwa marufuku mwezi huohuo, na mwaka 1978 shirikisho likaandika kanuni iliyodai nyuzi zisukwe au zigandishwe zinapokutana. Ni jambo la kuzingatia kwamba sheria ya kwanza ya kuibana raketi ilitokana na nyuzi, si fremu. Hata wakubwa wa mchezo walitambua kwamba nguvu iko pale anapofanya kazi mwambaji.

Kisha ikaja grafiti. Mwaka 1983 Yannick Noah, aliyekulia Cameroon na kupewa raketi na Arthur Ashe mjini Yaoundé mwaka 1971, alishinda Roland Garros kwa raketi ya mbao. Hakuna mwanamume aliyeshinda taji kubwa kwa mbao baada yake. Mwaka 1987 mbao zilionekana Wimbledon kwa mara ya mwisho. Mwaka 1988 kampuni ya Donnay ya Couvin ilifilisika.

Gisenyi ilipata habari hizi kwa njia ya mizigo. Huku kwetu vitu vya mitumba huitwa caguwa, neno lililotoholewa kutoka "chagua" ya Kiswahili. Hupendi kufikiri sana juu ya neno hilo, maana unachochagua ni kile ambacho mwingine amekwisha kukiacha. Wazungu walipohamia kwenye vichwa vikubwa, walituachia grafiti za mwanzo: nzito, nyembamba, zenye vichwa vidogo. Mchezaji wa kawaida wa Ulaya alizitupa kwa sababu ni ngumu kuzitumia. Kumbe ndizo zilizofaa hewa yetu. Tulipewa raketi za udhibiti kwa bahati ya kuwa wa mwisho kwenye foleni.

Simulizi la Mwalimu lilipofika 1994 alinyamaza. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaua baadhi ya aliocheza nao. Hilo alinieleza kwa sentensi moja, kisha akaomba maji ya kunywa. Sikuuliza zaidi. Aliposema tena, alikuwa katika miaka ya mwisho ya tisini, anang'oa majani uwanjani.

Poliesta, na kiwiko changu

Mwaka 1997 Mbrazili Gustavo Kuerten, asiyejulikana, wa 66 kwa ubora duniani, alishinda Roland Garros akiwa na nyuzi za poliesta za Luxilon. Kampuni hiyo nayo ni ya Ubelgiji, karibu na Antwerp. Kwa mara ya pili katika simulizi hii nchi ileile ilibadilisha kilicho mikononi mwetu, ingawa safari hii hakuna aliyeileta sandukuni. Ilikuja kupitia televisheni na baadaye simu.

Poliesta ni uzi mgumu na unaoteleza. Mpira unapogonga, nyuzi za wima husogea kando kisha hurudi ghafla, na mpira hutoka ukizunguka mbele kwa kasi. Hupanda juu ya wavu, kisha huzama ndani ya mstari. Udhibiti ukabadilika maana. Zamani ulidhibiti kwa kuuzuia mpira usiende mbali. Sasa unaupiga kwa nguvu zote na kuuachia mzunguko uushushe.

Februari na Machi 2024 Kigali iliandaa mashindano ya kwanza ya ATP Challenger nchini Rwanda. Nilikwenda kutazama. Nilirudi Gisenyi na uamuzi: nitacheza kama wale. Nilikuwa nimepata raketi iliyotumika, ya inchi za mraba 98, gramu 305, fremu nyembamba, 18 kwa 20. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na fremu niliyoitaka. Nikanunua poliesta. Kwa kuwa mpira kwetu unaruka, nikaagiza iwambwe kwa kilo 27. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kimo kikubwa, mkazo mkubwa.

Mpira kweli haukutoka nje. Lakini uzi mgumu, uliokazwa kupita kiasi, kwenye nyuzi zilizosongamana, haubonyei hata kidogo, na mshtuko wote unakwenda mkononi. Tena poliesta hupoteza mkazo upesi, na mimi niliendelea kuitumia miezi minne bila kuibadilisha, ikiwa imekufa. Kiwiko kilianza kuuma nikifungua mlango. Kisha nikashindwa kuinua birika. Nafasi yangu kwenye timu ya chuo alipewa mwingine.

Nilipokwenda kwa Mwalimu aliichukua raketi, akagonga uzi kwa ukucha, akaniangalia. "Mwanangu, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Safari hii imepasuka wewe." Aliniambia kosa langu: nilikuwa nimelipa deni moja mara tatu. Fremu ile tayari ina kichwa cha kiasi. Nyuzi zake tayari zimesongamana. Uzito upo. Vitu hivyo vimekwisha kuupa mpira breki, nami nikaongeza breki ya nne na ya tano. Alipendekeza poliesta kwenye nyuzi za wima tu, na nailoni laini kwenye za mlalo, kilo 22 hadi 23. Ukitaka udhibiti zaidi, alisema, ongeza nusu kilo, cheza wiki mbili, ndipo useme. Na ubadilishe kabla hazijakatika.

Nilifuata. Kiwiko kilipona polepole, kwa miezi. Nilipoandika kilo hizo kwenye daftari nikaona ni ubishi uleule wa waokota mipira wa miaka ya sabini. Nami nilikuwa nimejiunga na kundi la Borg bila kuwa na raketi za Borg.

Kukata au kutokata

Mwezi mmoja kabla ya kukabidhi insha hii, Mwalimu aliniomba nimsaidie kuiwamba upya ile Donnay. Alitaka mjukuu wake aipige japo mara moja.

Nilikataa, kwa heshima. Nyuzi zilizokuwamo ndizo zilikuwa nyaraka zangu. Nilikuwa nimezichunguza: nyingi zilikuwa nailoni, nne zilikuwa uzi wa kuvulia, na kwenye ncha ya kichwa palikuwa na vipande viwili vya utumbo vilivyofungwa mafundo. Mkono wa mtu mmoja, miaka mingi, vyote katika kipande kimoja. Nilimweleza kwamba mhadhiri aliniuliza nyaraka ziko wapi, na hizi hapa. Tukizikata hazitarudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hizo nyuzi nilizifunga ili zikatwe. Kila uzi niliofunga ulikatwa. Wewe unataka kuhifadhi siku moja tu ya kazi yangu."

Sikuwa na jibu zuri. Tulikubaliana hivi: nipige picha kila fundo, nihesabu, nichore mpango wa nyuzi, nipime. Nilitumia siku mbili. Siku ya tatu alizikata mwenyewe, akianzia katikati na kuelekea pembeni, uzi wa wima kisha wa mlalo, ili fremu isivutwe upande mmoja. Fremu ilitoa mlio mdogo kama wa mlango. Tulisimama tukingoja. Haikupasuka.

Aliketi, mimi nikavuta, yeye akasikiliza. Mara tatu aliniambia nirudie. Alipotosheka niliweka nyuzi kwenye kipimo cha kisasa cha rafiki yangu: kati ya kilo 18 na 19 kila mahali. Mjukuu wake, wa miaka kumi na mmoja, alipiga mipira kwa dakika ishirini hivi, akalalamika kwamba raketi ni nzito, akarudi kwenye yake.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba raketi ya udhibiti, inayotangazwa leo kama chaguo la mchezaji aliyekomaa, Gisenyi ilikuwa hali ya kawaida kabla ya kuwa chaguo. Sababu zake zilikuwa kimo cha mji, ukoloni ulioleta mbao za Couvin, na mitumba iliyotuletea grafiti ambazo Ulaya ilizichoka. Ndani ya hali hiyo watu walichagua kwa kutumia nyuzi: unene upi, mkazo upi, hatari ipi. Kwa mwanafunzi anayecheza, funzo la vitendo ni kwamba asome kwanza fremu yake inampa nini, ndipo aamue mkazo, wala asinakili kilo za mtu mwenye raketi kumi.

Kuhusu swali la mhadhiri wangu: nyuzi zilizokatwa ziko kwenye bahasha ya kaki, zimefungwa mafungu matatu, nailoni, uzi wa kuvulia na utumbo, pamoja na mchoro na picha 64. Nje nimeandika tarehe, mji, na maneno "kazi ya mwambaji mmoja". Raketi yenyewe iko Gisenyi kwa mwenyewe. Ina nyuzi mpya, na anayetaka kuichunguza itabidi aende uwanjani.